Figo Zangu na Mdogo Wangu Elifuraha

Watu wakiniuliza nilikuwa nawaza nini zile saa nne nilizolala kwenye mashine ya kusafisha damu, huwa nawajibu kwamba nilikuwa nasali. Si kweli. Nilikuwa namuwaza mdogo wangu Elifuraha na nitakachomfanyia nikitoka pale. Mpira umeingia shingoni, damu inatoka na kurudi, muuguzi anapita ananiuliza, "Baba unajisikiaje?" nami najibu, "Namshukuru Mungu," huku kichwani natunga kisasi. Leo nimepona, na ninaandika kwa ajili ya wazee wenzangu waliolala kwenye vitanda vile, maana najua wengi wao nao wana mtu wao.

Naitwa Anaeli. Nimezaliwa Masama, lakini maisha yangu yote ya kazi niliyatumia Chekereni, nikisimamia maji ya mifereji ya mpunga. Ilikuwa kazi ya baiskeli. Kuanzia asubuhi nilikuwa juu ya tuta naangalia nani amefungulia maji kwa zamu isiyo yake. Nilipostaafu tulihamia Majengo, mimi na mke wangu Mama Upendo, baiskeli ikatundikwa stoo, na kwa miaka sita haikushuka. Sasa angalieni kosa langu lilipoanzia. Chekereni ni tambarare tupu. Mtu anaweza kuendesha baiskeli kule miaka thelathini asigundue kwamba hajawahi kupanda kilima hata kimoja. Mimi nilikuwa mtu huyo, na kila nilipokaa na watu nilijisifu kwa miguu yangu.

Elifuraha ananifuata kwa miaka saba. Ndiye kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyebaki kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba na mama yetu, nyumba yake iko hatua kumi tu kutoka mlango wa mama. Anafuga ng'ombe watatu, na msimu wa wageni anawaongoza wazungu kwa baiskeli kwenye vijia vya mlimani. Ana mashavu ya miguu magumu na mdomo mwepesi. Krismasi ilipokaribia, sote tukijiandaa kupanda nyumbani kama kila mwaka, aliandika kwenye kundi la ukoo la simu kwamba safari hii wanaume wataondoka Moshi kwa baiskeli mpaka Masama. Chini akaongeza, "Wazee watatufuata kwa gari."

Nilimpigia hapo hapo.

"Wazee gani?"

"Kaka, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Wazee gani?"

"Si wewe na baba mdogo? Jua kali hili, kaka."

"Mimi nimeendesha baiskeli wewe bado unabebwa mgongoni!"

"Najua," alisema. "Chekereni." Akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichonipandisha baiskeli. Nilikuwa na siku nne za kujiandaa. Nilichofanya ni kujaza upepo na kupaka mnyororo mafuta.

Siku ya safari tulikuwa wanaume saba. Sikubeba maji. Niliona nikinywa maji nitasimama kila mara kukojoa, na wapwa zangu watasema kibofu cha mzee. Nikabeba chupa ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa sababu kwetu tunaihesabu kuwa chakula, na baba alilima siku nzima akiwa na kibuyu cha mbege tu. Baba alikuwa na miaka thelathini wakati huo, lakini hilo halikunijia kichwani. Mto Weruweru nilivuka nikiimba. Mto Kikafu niliteremka vizuri, na kupanda ng'ambo ya pili nikaanza kuona nyota mchana. Kwa Sadala, pale tunapoacha lami kuu kuelekea Masama, goti la kulia lilikuwa linawaka moto. Elifuraha aliliona. Akatoa kwenye mkoba wake vidonge viwili vyeupe.

"Meza hizi diklo, kaka. Utafika."

Nikameza, kwa mbege, mbele ya watu watano. Kumbukeni hao watu watano.

Kutoka pale ni mlima. Sikufika hata nusu. Mapaja yalianza kukakamaa, kisha yakawa yanaruka yenyewe, kisha nikajikuta nimelala kwenye majani kando ya shamba la kahawa, miguu inatikisika na siwezi kuizuia. Mdogo wangu alinishika kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anarekodi. Gari la kubebea majani ya ng'ombe lilinipandisha mpaka nyumbani, na nilipofika uwanjani kwa mama kila mtu alikuwa ameshaniona kwenye simu, na maneno chini yake: "Mzee wa Chekereni amesalimu amri." Mashemeji walinipokea kwa heshima kubwa huku wakibana midomo wasicheke.

Siku ya Krismasi mapaja yalikuwa yamevimba, suruali haipandi. Nilipokwenda chooni mkojo ulitoka mweusi, rangi ya kahawa ya kuchemsha. Sikumwambia mtu. Nilikaa nikala machalari ya ndizi na nyama, nikatabasamu. Kesho yake nikaanza kutapika, na keshokutwa mkojo wenyewe ukakoma. Wewe unayesoma, kama mkojo wako umebadilika rangi baada ya kujichosha, ondoka mezani uende hospitali. Acha sikukuu iendelee bila wewe. Siku zile mbili za kuona aibu ndizo ninazojutia kuliko mlima wenyewe.

Hospitali ya Moshi tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mimi nimeegemea bega la Mama Upendo, yeye ameshika faili na namba yetu. Daktari alieleza mambo mengi ya misuli iliyovunjika. Mimi nilishika moja tu, kwamba figo zimesimama. Akaniuliza, ndugu zangu wote wakiwa wamezunguka kitanda, "Mzee, umetumia dawa yoyote ya maumivu?"

"Mdogo wangu alinipa vidonge viwili njiani."

"Viwili tu?"

"Viwili tu."

Hapa lazima niseme ukweli, la sivyo maandishi haya hayana maana. Goti lile lilikuwa linaniuma tangu mwanzo wa mwezi ule. Kwa wiki tatu kabla ya safari nilikuwa nanunua vidonge vile vile, asubuhi na jioni, duka la dawa la Majengo, na kuvimeza nyuma ya stoo Mama Upendo asione. Kama ningesema, kila mtu angejua kwamba nilipanda baiskeli nikiwa mgonjwa na nikijua. Kesho yake nilimvuta daktari karibu, tukiwa wawili, nikamwambia. Aliandika, akanitazama juu ya miwani, akasema hizo za wiki tatu ndizo zilizonitengenezea shida, na zile mbili zilikuja kumalizia tu. Nikamwomba ibaki kwetu. Akasema ni haki yangu. Kwa hiyo daktari akajua, na ukoo mzima ukaendelea kujua vidonge viwili vya Elifuraha, vyenye mashahidi watano.

Nilianza kusafishwa damu kabla ya mwaka mpya. Mara tatu kwa wiki, Januari yote, jua linawaka nje na mlima uko wazi dirishani kuanzia chini mpaka barafu, unanitazama. Niliuchukia. Mwili ulivimba uso, ukapungua mikono. Pete ya ndoa ilinibana, wiki iliyofuata ikaanguka yenyewe. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Maji nilipimiwa kwa kikombe cha chai, na muuguzi mmoja mwenye huruma alikuwa akinipa kipande cha barafu ninyonye taratibu. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko kile kipande.

Kisha wakanikataza ndizi. Ndizi! Walisema zina kitu kinachoweza kusimamisha moyo wa mtu mwenye figo mbovu. Mchagga anakatazwa mtori, anakatazwa machalari, anakatazwa kiburu, na mbege hata usiitaje. Kila aliyekuja kunitazama alikuja na chupa ya mtori, kwa sababu hakuna anayejua njia nyingine ya kumwona mgonjwa, na kila chupa ilirudi imejaa au ililiwa na Mama Upendo mbele yangu, kwenye mkeka aliolalia chini ya kitanda. Nilipolala njaa na ugali mweupe tumboni nilimhesabia Elifuraha na ndizi pia.

Na kisasi kilikwenda vizuri kuliko nilivyopanga, bila mimi kuinua kidole. Dada zetu waliacha kumsalimia. Baba mdogo alimtoa kwenye kikao cha ukoo. Mama, ambaye ana miaka karibu tisini na masikio yamemchoka, alipoambiwa kwamba mwanawe mdogo amemlisha sumu mkubwa, alisema, "Yeleuwi! Asikanyage mlango wangu mpaka Anaeli aje mwenyewe aniambie yamekwisha." Mtu anaishi hatua kumi kutoka kwa mama yake na haruhusiwi kuingia. Mkewe akipeleka chakula, mama anakigusa kwa mkono na kukirudisha. Habari hizi nililetewa kitandani, na sitawadanganya, zilinitia nguvu kuliko dripu.

Masika ilipoanza, baada ya safari ya ishirini na tisa kwenye mashine, asubuhi moja mvua ikipiga mabati ya wodi, nilisikia haja. Haja ya kweli. Nilikojoa nusu kikombe, nikakaa nacho mkononi nalia. Mama Upendo alikichukua akakiangalia kwenye mwanga kama fundi anavyoangalia asali, akacheka mpaka wagonjwa wengine wakaamka. Kabla ya Pasaka mpira wa shingoni ulitolewa. Nilirudi nyumbani na miguu miembamba na fimbo.

Hata kabla sijatoka wodini, Elifuraha alikuwa ameanza kunitafuta na isale.

Kwa asiyejua, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Hata awe amekuulia ng'ombe. Unaweza kutaja faini, mbuzi au pipa la mbege, lakini jani unalipokea, na ukishalipokea yamekwisha. Mimi sikutaka yaishe. Kwa hiyo nilianza kulikimbia jani. Alikuja wodini, mlinzi wa getini akamwambia miti hairuhusiwi, nilimbariki mlinzi yule. Alikuja nyumbani, nikapita mlango wa nyuma mpaka kwa fundi viatu, nikakaa pale saa mbili na viatu vizima. Alikuja na mchungaji, nikajifanya nimelala, na mchungaji akaomba sala ndefu juu yangu huku nikibana macho.

"Baba Upendo, unakimbia jani?" mke wangu aliniuliza.

"Nakimbia uso wake."

Mama Upendo aliendelea kuchambua mchele. Kulikuwa na jambo alitaka kusema siku ile, na hakulisema.

Elifuraha alinikamata mwezi wa nane, kwa kinyozi. Nilikuwa kitini, shuka limefungwa shingoni, povu shavuni na wembe juu ya koo. Nikamwona kwenye kioo anaingia, na baba mdogo nyuma yake. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti kwenye nywele za watu, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Kaka Anaeli, nimekosa. Nisamehe."

Kinyozi aliondoa wembe. Nilitoa mkono chini ya shuka nikalipokea, sina namna. Lakini faini ni haki yangu, na nilikuwa na miezi minane ya kuitunga.

"Sitaki mbuzi," nilisema. "Utapanda nilivyopanda. Kutoka Moshi, mchana, huna maji, una chupa ya mbege tu. Hakuna kusimama. Mimi nitakuwa nyuma na gari, nikurekodi."

Baba mdogo alisema hiyo si faini. Elifuraha akasema, bado yuko magotini, "Nimekubali." Na kukubali kwake haraka vile kulinikasirisha upya.

Tukaondoka Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja njia nzima. Niliendesha pikapu yangu, Mama Upendo kando yangu na simu mkononi ya kurekodi. Elifuraha mbele. Weruweru alipita bila kuimba. Kikafu alipanda amekaa, taratibu, na nilifurahi. Kwa Sadala nilimwona anatazama dukani kwenye maji ya chupa, akageuza uso, na nilifurahi tena. Nawaambia kama ilivyokuwa.

Mlimani alianza kuyumba. Nikamwambia Mama Upendo, "Rekodi." Akaiweka simu mapajani.

"Ana presha," alisema. "Tangu Pasaka. Mkewe ameniambia, anatumia dawa."

"Mbona hakusema?"

"Angesema ungeita kisingizio." Kisha akasema, akiangalia mbele, "Na mimi, Anaeli, ndiye niliyefua suruali zako za Desemba. Makaratasi ya vidonge yalikuwa mfukoni. Mengi. Nilikuwa nasubiri useme."

Mbele yetu Elifuraha alikuwa amesimama juu ya pedeli, baiskeli inakwenda upande huu na upande ule, na shati lililokuwa limelowa jasho sasa lilikuwa limekauka mgongoni. Nilijua maana ya shati kukauka juani: mwili umeishiwa maji ya kutoa jasho. Nilipiga honi. Hakugeuka. Nikampita, nikasimamisha gari katikati ya njia, nikashuka na fimbo yangu.

"Shuka."

"Sijamaliza, kaka." Midomo ilikuwa myeupe. "Toka njiani."

"Nimesema shuka!"

"Nikishuka utasema sikumaliza. Kesho utaanza tena. Toka."

Akaelekeza gurudumu apite kati ya gari na mtaro. Kando yangu kulikuwa na mpaka wa shamba la mtu. Nilivunja isale, jani moja lenye vumbi, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Fimbo ilianguka. Aliganda, mguu mmoja chini. Hakuna Mmasama anayelipita jani lililonyooshwa.

"Si vidonge vyako," nilisema. "Nilikuwa nameza mwenyewe wiki tatu kabla, asubuhi na jioni. Daktari anajua tangu Desemba. Niliwaacha watu wakuseme nikijua. Nimekosa, Elifuraha. Nisamehe."

Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Nilitamani anitukane. Akalichukua jani, kwa sababu hulikatai, akakaa chini pale pale barabarani na baiskeli ikamwangukia mguuni. Mama Upendo alishuka na maji, akamnywesha kidogo kidogo na kumwagia kichwani, bila kunitazama. Kikombe kikawa kinagonga meno ya mdogo wangu.

Tulikaa kivulini mpaka rangi ikamrudia.

"Miezi tisa," alisema hatimaye. "Miezi tisa mama yangu hajala kitu kilichopikwa kwangu. Namwona anapita uwanjani na ndoo, nikienda kumpokea anaiweka chini na kusubiri niondoke."

Nikamwongezea maji kikombeni.

"Jani lako nimelipokea," alisema. "Faini ni haki yangu?"

"Ni haki yako. Taja."

"Utamwambia mama. Leo, kwa mdomo wako. Mimi nitakaa nje, nisikie."

Tukapanda wote kwenye pikapu. Nyumbani nilimkuta mama amekaa jikoni anamenya ndizi. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote. Elifuraha alikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Mama alikunja uso, akasogeza sikio karibu, akasema hajasikia. Ikabidi niseme tena tangu mwanzo, kwa sauti ya juu.